Mifuko Iliyofungwa kwa Uzi

Kila asubuhi cherehani ya mama iliamsha nyumba nzima. Baba alipiga pasi sare za shule kwenye chumba cha mbele. Kijana wao alikata vitambaa. Kwa wembamba wake, wote walimwita Uzi.

Uzi alikuwa fundi hodari. Kisha pombe ikamteka. Sasa alikuwa ametoka kwenye matibabu, na mama aliapa chupa haitaingia tena nyumbani mwake. Akashona mifuko ya suruali zote za Uzi, ikafungwa kabisa, asifiche chupa humo. Ufunguo wa mlango akauvaa shingoni, na kila Uzi aliporudi alimpekua na kumnusa mdomo kabla ya kumfungulia.

"Mama, leso niweke wapi?"

"Shika mkononi!"

Mtaani walimtania: "Fundi, siku hizi mifuko mnauza kando?" Uzi alicheka nao. Baadaye akaacha kutoka. Jioni moja mama akamkuta anafunga begi.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Popote nisiponuswa mdomo mlangoni."

Mama alikimbilia kwa jirani, nesi anayewahudumia waraibu wa pombe. Nesi aliacha kupika, akafika na mwiko mkononi. Akaitazama suruali kitandani.

"Mama Uzi, mshono mzuri. Dawa mbaya."

"Nifanyeje? Nimwache afe?"

"Usimwache. Ila wewe ni mama, si askari jela. Uraibu ni ugonjwa. Aibu haiuponyi, humrudisha mtu kwenye chupa. Usimpekue, muulize ana hali gani. Msindikizeni kwenye kikundi cha wanaoacha pombe. Akiteleza, msimfukuze. Mleteni kliniki mapema." Akanyoosha mwiko kuelekea kabati la sebuleni. "Na chupa ile nyuma ya redio ni ya nani?"

Baba alikohoa mlangoni. "Yangu hiyo. Ya usingizi."

"Shemeji! Mfuko wa mtoto mmefunga, kabati mmeacha wazi?"

Baba akamgeukia kijana wake.

"Inakusumbua, mwanangu?"

"Kila nikiwasha redio naiona. Mate yananijaa."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza. Mlinipekua tu."

Baba aliichukua chupa, akaimwaga yote kwenye sinki. "Usingizi utakuja wenyewe. Usipokuja, nitasikiliza mkoromo wa mama yako."

"Nani anakoroma?" mama akafoka, huku machozi yanamtoka. Akachukua mkasi mdogo, akaanza kufumua mfuko wa kwanza. Akauvuta mshono kwa nguvu.

"Utachana kitambaa, mama. Lete huku."

Uzi akaweka begi chini. Wakakaa goti kwa goti, wakifumua pamoja.

"Una hali gani leo, mwanangu?"

"Leo ni ngumu."

"Basi tukae wote."

Tangu hapo, baba alimsindikiza Uzi kikundini kila wiki. Nje alimsubiri, akibishana mpira na wazazi wengine. Safari moja Uzi aliteleza, akarudi amelewa. Mama aling'ata midomo, hakufoka. Kulipokucha walikwenda naye kliniki, na Uzi akaanza upya.

Sasa Uzi amerudi kwenye cherehani, na wateja wanamwulizia yeye. Juzi alikuwa anatoka kwenda kikundini, safari hii peke yake. Mama akamfuata mlangoni. Uzi akasimama, akafungua mdomo anuswe.

"Funga mdomo wako, nzi wataingia," mama akasema.

Akauvua ufunguo shingoni, akautumbukiza mfukoni mwa Uzi, akaupapasa mfuko kwa nje.

"Ukirudi, fungua mwenyewe. Chakula chako nitakifunika."