Jiko Lililong'aa Liliniponza Muhazi

Nina miaka arobaini na tatu, na mpaka leo sina nyumba. Ninaishi ndani ya Kombi kuukuu yenye kitanda, kabati na debe la maji. Nilimaliza sekondari hapa Kigali, nikaondoka nikiwa kijana. Bujumbura, Kigoma, Mombasa… kote nimepita, na kote niliikumbuka Kigali.

Niliporudi, mwaka 1991, nilimpata Dafroza, mshonaji wa Kacyiru. Tulipendana. Lakini baba yake, Mzee Tadeyo, aliuliza swali moja tu: binti yake ataishi wapi?

Nikasema nitamwonyesha. Nitampeleka ziwa Muhazi kwa gari langu, nimchomee nyama, aone kwamba Kombi ni nyumba kamili. Dafroza alifurahi, akashona mapazia ya bluu ya madirisha yote.

Nikaenda Gatsata kutafuta jiko la safari. Fundi mmoja alinionyesha mawili. La kwanza lilikatwa kwenye pipa la chuma kinene, zito, jeusi, miguu yake ya kufungwa kwa skrubu. La pili lilikuwa la bati jipya, jepesi, linakunjwa kama sanduku. Liling'aa! Nikalishika hilo.

"Hilo ni la kupigia picha, mjomba," fundi alinicheka. "Likiona moto litalia."

Akanisihi basi niliwashe tupu kwanza, bati liungue, moshi wake mbaya uishe. Nilimsikiliza? Wapi!

Jioni ya kuamkia safari, Dafroza aliniambia jambo jingine. Baba yake hali chakula mbele za watu. Wazee wa kwetu ndivyo walivyo, mtu mzima kutafuna njiani ni aibu. Nichome nje, akasema, lakini mzee nimwandalie ndani, mapazia yafungwe. Nikacheka. Nikamwambia Mombasa watu wazima wanakula barabarani na hawafi…

Tulipita Ndera asubuhi, mzee amekaa mbele, fimbo katikati ya magoti. Hata alitabasamu. Laiti ningejua!

Niliegesha ufukweni, karibu na soko. Nikawasha makaa. Bati likaanza kutoa moshi mweupe wenye harufu kali, nyama yote ikanuka. Upepo ukapuliza majivu juu ya brosheti, mishikaki yetu ya huku. Nikapepea, nikahamisha, nikaungua vidole. Nje nyeusi, ndani damu! Watu wa soko wakaja kutazama. Mmoja akauliza kama ninapika au ninafua vyuma.

Kisha miguu miwili ikalegea kwa joto. Jiko likapiga magoti, nyama ikamwagika mchangani.

Vilisalia vijiti vitatu. Kwa hasira na aibu, nikampelekea mzee palepale alipoketi kwenye kigoda, mbele ya kundi lote. Dafroza alinivuta shati. Sikugeuka.

Mzee alikitazama kijiti, akawatazama watu, akasimama polepole.

"Mwanangu, nilikuja kuona kama gari hili lina mlango," alisema. "Linao. Kwa nini umenilisha nje?"

Akapanda garini, tukarudi Kacyiru. Kumbe alikuwa tayari kuikubali Kombi yangu! Moshi angeusamehe, na mchanga pia. Nilichotakiwa ni kumkaribisha ndani tu…

Dafroza alishuka bila kuniaga. Baadaye alituma neno kwamba hawezi kuolewa na mtu asiyesikia anapoambiwa.

Sasa ninalo lile jiko la pipa. Ni zito, linaniumiza mgongo, lakini linachoma vizuri hata kwenye upepo. Limefika lini? Limechelewa!

Ndugu msomaji, ukitaka jiko la safari, usidanganywe na mng'ao. Kanyaga miguu yake uone kama inasimama. Liwashe tupu kabla hujaita mgeni. Na anayemjua mgeni wako akikuambia jinsi anavyokula, nakuomba, nyamaza umsikilize.

Mapazia ya bluu bado yapo. Siku hizi nikila nayafunga yote, ingawa nipo peke yangu.