Sulu Iliyokauka Wiki ya Mvua

"Isireli, hii sulu uliianika wapi?"

"Kwa shangazi. Kwani vipi?"

"Mji wote wa Suva mvua inanyesha tangu Jumapili. Nguo zangu zote zinanuka uvundo. Yako imekauka, imenyooka, na imetiwa wanga."

"Nimejifunza kufua, mpenzi. Si ulisema nikupunguzie kazi?"

Walikuwa stendi ya mabasi asubuhi, kila mmoja akielekea ofisini kwake. Ulamila akampa bakuli lenye kifuniko kama kawaida yao, ndani yake samaki wa tui na muhogo, kisha akamtazama akiondoka na ile sulu yake ya kijivu, vazi la kujifunga kiunoni, iliyopigwa pasi ikapigika.

Tangu wachumbiane walikuwa wamekubaliana kwamba chakula cha mchana hakinunuliwi wala nguo hazipelekwi kwa dobi. Kinachookolewa kinaingia kwenye harusi na chumba chao. Makubaliano mazuri kabisa, ila mpishi alikuwa mmoja, na mfuaji alikuwa huyohuyo mpishi. Ulamila aliamka kukiwa bado giza, akapika, akafikicha kola za mashati ya Isireli mpaka vidole vikachubuka. Wenzake wa ofisi ya bima walipotoka kula roti za kuku, zile chapati zilizoviringwa, yeye alibaki mezani na muhogo wa jana. Hakulalamika. Alimpenda Isireli vibaya sana, na alijua hivyo.

Lakini mwanamume asiyejua soksi zake zilipo, leo ajue kutia wanga? Alilifikiria hilo siku nzima.

Kesho yake akabadilisha chakula bila kusema. Jioni akampigia simu.

"Muhogo wa leo ulikuwaje, Isi?"

"Laini, kama siagi. Una mkono wewe."

"Leo sikuweka muhogo. Niliweka magimbi."

Ulamila akasikia mvua ya upande wa pili ikigonga bati.

"Nilikula mbiombio," Isireli akasema. "Kazi zimenizidi, hata sikuangalia ninachotafuna."

"Haya. Lala salama."

Hakulala yeye. Alijigeuza huku na huku, akaamka akanywa maji, akarudi kitandani akiwa na kiu vilevile. Alfajiri simu ikaingia ujumbe: "Leo mchana nina mkutano mrefu, usihangaike kuja huku ofisini."

Ulamila aliusoma mara ya pili. Hakuwahi kusema anakwenda. Basi akaenda.

Nyuma ya ofisi ya wapima ardhi, alikofanya kazi Isireli, kuna baraza yenye meza ya mbao ambapo wafanyakazi hula chakula. Isireli alikuwa ameketi huko, ameipa njia mgongo, anakula roti ya kununua. Pembeni yake mwanamke mwenye ua sikioni alikuwa ameshalifungua bakuli la Ulamila na anachota kwa vidole, bila haraka, kama mtu aliye kwao.

Mwanamke huyo aliinua uso, akaona mtu anapita, akasema linalopasa kusemwa na yeyote anayekula:

"Karibu dada, njoo tule."

Anayekaribishwa hivyo hushukuru na kuendelea na safari yake. Kila mtu anajua. Ulamila akavuta kiti akaketi.

Isireli aligeuka. Roti ikabaki imesimama njiani kuelekea mdomoni.

"Hee, huyu kaketi kweli," mwanamke akacheka. "Mimi pia niliingia hivihivi. Naitwa Vasemaca. Nilipohamia hapa, huyu bwege alinikaribisha kwa adabu tu, nami nikakubali. Kwetu na kwao ni watani tangu mababu. Tangu siku ile bakuli ni langu, na hana ubavu wa kuninyima."

"Na yeye anachukua nini kwako?"

"Alilipiza. Akanibwagia nguo zake chafu. Mtani akikubwagia utafanyaje? Nafua, naanika kwenye joto la chumba cha boila kazini kwa kaka yangu, napiga pasi." Akamtupia Isireli jicho, sauti ikalainika. "Mwanzoni nilikuwa namtukana huku nafua. Siku hizi sijui, najikuta naimba."

Hapo ndipo Ulamila alipoumia. Angemkuta anayemdhihaki, angejua la kufanya. Huyu alikuwa anapenda.

"Na chakula hiki anapika nani?"

"Shangazi yake. Mama wa watu anajua kupika, hata kama chumvi anaionea huruma."

"Isireli," Ulamila akasema, "mwambie mimi ni nani."

"Ula, twende tukaongee pembeni."

"Mwambie hapahapa."

Isireli akaiweka roti chini. "Ni mchumba wangu."

Vasemaca akautoa mkono bakulini, akaufuta taratibu kwenye kanga yake ya kiunoni.

"Harusi lini?"

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi," Ulamila akajibu.

"Wewe," Vasemaca akamgeukia Isireli, "mimi nina haki ya kukutukana kuliko mtu yeyote kisiwa hiki, na leo nimekosa tusi." Kisha akamtazama Ulamila, macho yamejaa. "Dada, nimekula jasho lako huku nalisifia. Nisamehe."

"Wewe huna kosa na mimi."

Vasemaca akaondoka, ua likamwanguka kwenye ngazi. Isireli akaanza kuongea haraka.

"Ni utani tu, Ula. Mila unaijua. Ningemnyimaje?"

"Chakula usingemnyima. Ungeniambia siku ya kwanza, tungecheka wote wawili, nami ningemwekea lake. Kwa nini ulificha?"

"Niliogopa ungekasirika. Unaamka usiku kunipikia, halafu nakula roti..."

"Kwa hiyo ukanifanya shangazi."

Ulamila akafunika bakuli akaenda zake kwenye mvua.

Wiki iliyofuata wajomba wa Isireli walikuja kwa kina Ulamila na jino la nyangumi, wakakaa kwenye mkeka vichwa chini, wakaomba radhi kama mila inavyotaka. Mzee Aminiasi, baba yake Ulamila, aliwasikiliza hadi mwisho. Jino likiletwa kwa toba halikataliwi. Akalipokea kwa mikono miwili, watu wakapiga makofi mazito ya viganja, kava, kinywaji chao cha mizizi, ikakorogwa, na mjomba mmoja akaanza kuulizia habari za nguruwe wa sherehe.

Isireli alimfuata Ulamila jikoni, uso umechanua kama mtu aliyetoka hospitali mzima.

"Asante, Ula. Nilikuwa sili, silali. Nimekukosea, nimejifunza."

"Umesamehewa. Hakuna mtu nyumba hii atakayekusema tena."

"Basi Jumamosi ile iko palepale?"

Ulamila alimwangalia. Bado alimpenda, na alichukia kwamba bado anampenda. Akasema:

"Jino kapokea baba yangu, Isi. Mimi sijapokea kitu."