Picha Isiyo na Uso

Basi la Nairobi lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma pale steji ya Embu, na Wanjira bado ameng'ang'ania dirisha. Alivaa gauni la maua ya zambarau, alilolishona mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo.

"Achilia, fundi, utavunjika mkono," Mwenda alisema kutoka ndani.

"Wachana na mkono wangu. Sema utapiga simu ukifika Ujerumani."

"Kila Jumapili, kwa duka la Veronicah huko kwenu Kiritiri."

"Na usiniletee Mjerumani."

"Mjerumani ataweza kunishonea suruali?"

Suruali ndiyo iliyowakutanisha, mwaka huohuo wa 1994. Mwenda, kijana wa Nkubu aliyemaliza fizikia chuo kikuu, alikuwa akikimbilia mahojiano ya kwenda kusoma ng'ambo, akakata njia katikati ya soko. Msumari wa kibanda ukampasua nyuma, kuanzia kiunoni. Cherehani ya karibu ilikuwa ya Wanjira, kwenye veranda ya duka la vitambaa. Alimsimamisha nyuma ya pazia, amejifunga leso, wanawake wa mboga wakichungulia.

"Mbio hizi ni za wapi, msomi?"

"Naomba nafasi nikasomee kutengeneza vitu vidogo."

"Kitu kidogo? Si hiyo hata polisi wa trafiki anaijua na hakusoma?"

Mwenda alicheka mpaka leso ikataka kuanguka. Akamweleza kupitia pazia: kuna wahandisi wanaojenga vitu kwa kupanga chembe mojamoja, vidogo kiasi kwamba unywele ukiwekwa kando yake ni gogo la mti. Waliiita kazi hiyo nanoteknolojia. Siku moja vitu hivyo vitapeleka dawa ndani ya mwili mpaka palipo na ugonjwa.

"Na utajuaje umemaliza, kama huoni?"

"Kuna mashine ya kuonea."

"Basi ukiona, uje unionyeshe."

Nafasi aliipata. Na moyo wa Wanjira pia.

Nyaga, baba yake Wanjira, alifuga mbuzi na kuchoma makaa Kiritiri, na hakuwa mtu mgumu. Alitaka jambo moja tu: anayeomba binti kwa boma lake aonyeshe kazi ya mikono yake. Mkulima, wazee waone shamba. Muchangi, muuza mchanga, alikuwa ameshaleta lori lake likaonekana. Mwenda, aliye mbali, akamtumia baba yake mdogo, Marete, picha ya kupeleka. Aliichagua kwa fahari: amesimama ndani ya chumba kisichotakiwa kuwa na hata vumbi la ngozi ya mtu, ndiposa kila anayeingia hufunikwa nguo nyeupe kuanzia utosini hadi kwenye viatu.

Wazee wa Nkubu walifika Mei 1995, na pombe yao ya asali. Picha ikapita mkono kwa mkono. Glavu, barakoa, kofia. Macho mawili tu. Mwezi huo magazeti yalijaa watu wa nguo kama hizo, wakizika maiti za Ebola kule Zaire.

"Marete," Nyaga aliuliza, "huyu anazika watu?"

"La, anatengeneza vitu."

"Viko wapi?"

"Havionekani."

"Na yeye?"

"Si ni huyo."

"Naye haonekani."

Wanjira alitoka jikoni mbio, unga mikononi. "Baba, haya macho ni yake! Nayajua!"

"Mwanangu, siwezi kukupeleka kwa macho."

Pombe ilirudi Nkubu haijaonjwa.

Jumapili simu ililia. "Mpenzi," Wanjira alisema, "piga picha nyingine. Uvue hiyo nguo, usimame tu, uso uonekane. Ni hivyo tu."

Mwenda alikuwa ameharibikiwa na kazi ya mwezi mzima. "Nisimame kando ya gari la mtu kama mtalii? Hiyo ndiyo kazi yangu, Wanjira."

"Mimi najua. Baba hajui."

"Basi ajifunze! Nyinyi watu wa mbuzi na makaa mtakaa gizani mpaka lini?"

Veronicah aliinama, akajifanya anapanga sabuni.

"Sisi?" Wanjira aliuliza.

"Sikumaanisha wewe."

"Ulipopasuka suruali, Mwenda, ni mtu wa makaa alikusitiri."

Akaweka simu chini. Mwenda akangoja barua ya kuombwa msamaha. Wanjira akangoja simu, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka Jumapili moja hakwenda.

Mwaka wa 1998 Mwenda alipanda ile veranda ya Embu, koti refu la kijivu, viatu vinang'aa. Wanjira alikuwa na utepe wa kupimia shingoni na pete kidoleni. Mwenda akatoa picha mfukoni: yeye, shati jeupe, uso wazi.

Wanjira aliitazama sana. "Ulikonda."

"Nilikosea, fundi wangu."

"Tuliomba hii. Hii tu." Akamrudishia. "Una suruali ya kushonwa?"

"Sina."

"Basi niache nifanye kazi, msomi."

Wanjira aliolewa na Muchangi mwaka wa 1996. Wana watoto wawili, naye hushona sare za shule. Lori la Muchangi liliharibika injini, likauzwa. Nyaga yungali na mbuzi wake. Simu ya Veronicah ilikatwa. Mwenda alitafuta kazi ya nano hapa nchini, hakuipata, wala ile mashine ya kuonea. Alifundisha fizikia karibu na Nkubu mihula miwili, akarudi Ujerumani. Hajaoa. Marete aliitundika ile picha ya kwanza sebuleni. Wageni wakiuliza huyo ni nani, huwaambia ni kijana wetu.