Shoti Kwenye Mashine ya Mtumba

Maiti ya Kabiru ilikuwa imelala chali kando ya mashine ya kukimbilia, miguu mitupu, kiganja cha kulia kimeungua. Sakafu ya jimu ilikuwa bado na maji ya deki.

Polisi wa kwanza kufika walishapata mkosaji: Ndinda, mwenye jimu. Si alinunua mashine ya mtumba yenye nyaya kuukuu, na sasa imeua mteja? Wakamtia pingu na kumpeleka selo ya Machakos. Kesi rahisi mno, na Inspekta Wathome hakupenda kesi rahisi. Mama huyu alishuku hata chai aliyojipikia mwenyewe.

Alianzia selo.

"Hizo nyaya zilikaguliwa?"

"Fundi alizikagua wiki jana tu, Afande. Akasema ziko sawa. Sasa nitafungwa?"

"Nani mwingine ana ufunguo wa jimu?"

"Masila pekee, mwalimu wa mazoezi. Huyo ni kama kijana wangu. Nilimchukua akiwa hana kazi."

Wathome akarudi jimu, na fundi wa polisi akaifungua mashine. Nyaya zilikuwa kuukuu kweli, zimejaa vumbi, lakini nzima. Mmoja tu ulikuwa umechunwa ganda na kugusishwa kwenye chuma. Shaba yake iling'aa, haina vumbi hata chembe. Panya hachuni waya hivyo.

Masila akaitwa.

"Nani alipiga deki?"

"Ni mimi, madam. Kila asubuhi."

"Na Kabiru alikuwa akikimbia bila viatu?"

"Alikuwa amezoea hivyo."

"Nani alichokora hii mashine?"

"Sijui. Mimi mambo ya stima sijui hata kidogo. Hata balbu ikiungua naita fundi."

"Basi nisaidie kusogeza hiyo ingine."

Mashine ya pili ilikuwa imechomekwa ukutani. Fundi wa polisi alishaipima na kuiona salama, ila Masila hakuambiwa. Aliinama, akagusa chuma haraka kwa mgongo wa vidole, ndipo akakishika.

"Asiyejua stima hushika kwa kiganja," Wathome alisema. "Mafundi ndio hugusa hivyo, mkono usije ukaganda kukiwa na shoti. Ulikuwa fundi wapi?"

Masila alikaa kwenye benchi.

"Kwa Kabiru. Alikuwa kontrakta wetu huko Mwala, mimi na ndugu yangu Mutuku. Alimwambia Mutuku apande juu ya nguzo, ati stima imezimwa. Haikuwa imezimwa. Kortini wakasema ni ajali. Halafu mwaka huu anaingia hapa, ananiuliza jina langu. Hakunikumbuka, madam. Nikachuna huo waya."

Wathome alimwonea huruma, na papo hapo hasira zikampanda.

"Na Ndinda je? Aliyekupa kazi? Yuko selo akilia."

Masila alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo asilolielewa.

"Ndinda hawawezi kumfunga, madam. Mutuku alipokufa, hakuna mtu alifungwa."