Saa ya Ndaki

Haya yalimkuta rafiki yangu Generosa, fundi simu wa Runzewe, mtu asiyejua kutunga. Mchana mmoja wa mawingu, Valerian, mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, alimletea saa ya michezo iliyokataa kuwaka. Generosa aliitambua. Ilikuwa ya Ndaki, mchimbaji aliyeangukiwa na kifusi wiki ile, aliyeivua kabla ya kushuka. Valerian ndiye aliyeamuru duara lifukiwe hivyo hivyo, Ndaki akiwa ndani.

"Wenzake wanasema baada ya kifusi kamba ilivutwa mara tatu," Generosa alisema. "Alikuwa anaomba apandishwe."

"Kamba hujichezea yenyewe. Wewe tengeneza, niiuze."

Generosa aliishika bisibisi kama anayetaka kumchoma nayo. Akafungua mfuniko, akachomoa betri, akaitupa mezani. Ndani hamkuwa na ajabu: kitaa cha kupimia mapigo ya moyo, na kimota cha mtetemo kidogo kama punje ya mchele.

Mvua ikashuka, umeme ukakatika. Giza likajaa kibandani.

"Harakisha," Valerian alifoka.

Kitaa kikawaka kijani, bila betri. Kisha kimota kikatetemeka, mara tatu. Kikatulia. Kikarudia mara tatu, safari hii taratibu, kama mtu aliyeanza kuchoka.