Kochi Jeupe la Madam Mvuto

Mto wa katikati wa kochi ulikuwa umebonyea. Madam Mvuto aliukung'uta, akausimamisha vizuri, akaenda kunywa maji. Aliporudi ulikuwa umebonyea tena, na alipougusa ulikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu amekikalia akanyanyuka sasa hivi. Nyumbani alikuwa peke yake. Mwenye akili angejiuliza. Yeye alimlaumu fundi aliyejaza sponji.

Jina la Madam Mvuto alijipa mwenyewe, baada ya kutazama video za watu wanaopamba nyumba na kujiamulia kwamba naye ni mpambaji. Biashara haikuwa na mteja hata mmoja, ila maringo yalishafika. Akiingia kwa jirani anauliza, "Hii sebule au stoo?" Sebule yake aliigeuza chumba cha maonyesho: kuta rangi ya maziwa, mapazia hadi sakafuni, kochi jeupe. Mumewe, fundi magari aliyeijenga nyumba ile kwa jasho lake, alipigwa marufuku kukaa humo kwa sababu ya ovaroli yake ya grisi. Alikula jikoni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, wala hakunung'unika. Alimpenda mno mwanamke yule, maskini.

Kutwa Madam alifanya mazoezi ya kupokea wateja. Alisimama mlangoni, akalitazama kochi tupu, akachekelea meno yote nje: "Karibu sana. Keti. Jisikie nyumbani." Akarudia na kurudia, akikiambia chumba kisicho na mtu. Basi asiyeonekana akakaribia.

Baada ya mto, ikaja harufu ya udongo mbichi, kama wa kaburi lililochimbwa asubuhi. Kisha mapazia yakawa yanapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala, hali madirisha yamefungwa. Kisha mchana mmoja, jua likiwaka na jirani akianika nguo uani, mume alipokuwa akipita na sahani yake alisikia sauti ya mkewe ikitoka sebuleni, ikimwambia polepole asikanyage zulia, na alipofika jikoni alimkuta mkewe huyo huyo amesimama mdomo wazi, naye akiisikiliza.

"Nani yule?" mume akanong'ona.

"Nyamaza! Mteja wangu wa kwanza anakuja leo jioni. Usiniharibie."

 Mume alitoka, akarudi na mganga, mzee mmoja mfupi, ambaye alivua viatu mlangoni, akachungulia sebuleni na kurudi nyuma hatua moja.

"Umemkaribisha mwenyewe," alimwambia Madam kwa sauti ya chini. "Hatoki kwa kufukuzwa. Mimi nitasoma, na wewe umkaribishe mumeo kwa heshima, aketi pale kama mwenye nyumba. Nikimaliza kusoma mumeo hajaketi, huyo mgeni wako atamwingia yeye."

"Na hiyo ovaroli?"

"Hivyo hivyo alivyo, binti yangu."

"Mke wangu, naogopa," mume alisema. "Niambie tu nikae."

Mzee akaanza kusoma. Mto ukabonyea zaidi. Madam alilitazama kochi, akaitazama ovaroli, akalitazama kochi tena.

"Subirini," akasema, "nitandike gazeti kwanza."

Akakimbilia chumbani. Gazeti la kwanza lilikuwa na vumbi, akalitupa, akatafuta jingine safi, huku sauti ya mzee ikipanda na kuharakisha, ikimwita, ikimsihi, hadi ikakatika ghafla, na miguu mitupu ikasikika ikikimbia barabarani.

Aliporudi, viatu vya mganga vilikuwa bado mlangoni. Mumewe alikuwa ameketi katikati ya kochi, mguu juu ya mguu. Ovaroli ilikuwa safi kama mpya. Mikono yake, ambayo kwa miaka yote sabuni ilishindwa nayo, haikuwa na hata chembe ya grisi.

"Gazeti la nini?" aliuliza, kwa sauti ya Madam mwenyewe.

Wazo la kwanza la mwanamke yule, na kwa hili mimi simsamehe, ni kwamba hatimaye amepata mume anayefaa kuonekana na wageni. Alilikunja gazeti, akajitazama kwenye kioo, akaenda kumfungulia mteja.