Mtoto wa Jiwe Jeupe

Basi lilinuka maziwa yaliyochacha.

Lilikuwa basi jipya, viti vya ngozi, vioo vipana, na Colman Tierney, aliyekuwa dereva na mwongoza watalii kwa pamoja, alikuwa amelisafisha kwa mikono yake asubuhi ile pale Westport. Harufu ilianza jana jioni, naye aliona haya wageni waisikie. Alipiga magoti chini ya kila kiti akitafuta chupa iliyomwagika. Hakuona kitu. Wageni walipomaliza chai akafungua mlango, na harufu ikamvaa usoni.

"Colman, umepakia ng'ombe?" Alikuwa Duane, mstaafu mnene kutoka Ohio, ambaye siku nne nzima hakuwahi kukosa la kusema.

"Ng'ombe hawana maneno mengi kama wewe, bwana. Kaa."

Wakacheka. Colman akawahesabu kabla ya kuondoa gari, kama ilivyo desturi ya kazi hiyo, akigusa kiti kimoja kimoja. Ishirini na tisa. Akatazama karatasi: ishirini na wanane. Akarudia kuanzia nyuma. Ishirini na tisa. Wala hakukuwa na sura hata moja asiyoijua. Akajiambia amechoka, akawasha gari wakashika njia ya milimani kuelekea Galway, mvua nyembamba ikinyesha na kondoo wamejibanza kwenye kuta za mawe.

Colman alikuwa fundi wa kusimulia. Nusu ya hadithi zake alizipata kwa wazee, nusu alizitunga palepale mikono ikiwa kwenye usukani, na wageni hawakujua ipi ni ipi. Mungu humpa mtu ulimi, na mtu akautumia apendavyo. Walipofika kwenye magofu ya nyumba ya watawa, akashika kipaza sauti akaanza ile ya mtawa aliyeoa binti wa watu wema. Ndivyo viumbe wasioonekana wanavyoitwa kule, kwa kuogopa kuwaudhi. Alikuwa hajamaliza hata sentensi ya kwanza, spika zikatoa sauti nyingine.

Mdomo mdogo ulikuwa unanyonya. Unanyonya, unaachia, unavuta pumzi, unanyonya tena.

"Hapo ndipo panapotisha?" akauliza Duane. Safari hii hakuna aliyecheka.

Colman akakizima kile kipaza sauti. Ndipo aliposikia anaitwa taratibu kutoka kiti cha sita.

"Colman, mwanangu. Njoo, lakini wengine wasisikie."

Alikuwa Bibi Verna, mjane wa miaka themanini na moja kutoka Kanada, aliyesafiri peke yake, mpole kiasi kwamba mtu angeweza kusahau kuwa yumo. Colman akaegesha gari akamwendea. Jana yule bibi alikuwa na mashavu; leo yalikuwa yamebonyea, na midomo imekuwa ya buluu. Blauzi yake ililowa kifuani, pande zote mbili.

"Naona aibu hata kusema," akanong'ona. "Maziwa yanatoka. Mimi, umri huu! Ananyonya tangu jana, na hashibi."

"Nani, Bibi?"

Akafunua shali. Kwenye kiwiko chake, kama mtu anavyompakata mtoto mchanga, alikuwa amelaza jiwe jeupe la ukubwa wa ngumi mbili. Jiwe lilikuwa limelowa upande mmoja.

"Umelitoa wapi hili?"

"Si kule ulikotupeleka jana? Pembeni kabisa, karibu na ukuta. Wewe ulikuwa unaongea na simu."

Colman akashika kiti. Jana, saa ya chai, aliwashusha wageni kwenye kishamba kimoja cha kijijini kwao akawaambia hii ni bustani ya watu wema, na mawe haya meupe ni bahati, kila mmoja achague lake. Nao wakachagua, wakishangilia.

Haikuwa bustani. Zamani, mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa hakuruhusiwa kuzikwa kwenye makaburi ya kanisa. Baba yake alimbeba peke yake jua likizama, bila padri, bila jina, akamzika na wenzake kwenye kipande cha ardhi kisichotakiwa na mtu, na juu yake akaweka jiwe jeupe. Karibu kila kijiji cha huko kina mahali kama hapo. Watu wakipita huvua kofia, hawasemi neno. Na lile jiwe la ukutani lilikuwa la dada yake Colman, aliyezaliwa kabla yake na kuishi saa moja. Baba yao alimpeleka ndani ya sanduku la siagi. Mama yake alimwambia mara moja tu, wakimenya viazi, na akamwapisha asilitaje tena.

Sasa angelitajaje mbele ya watu ishirini na wanane?

"Nipe nikushikie, Bibi," akasema kwa sauti ya kubembeleza, akalishika jiwe akavuta. Halikutoka. Ndani ya shali kitu kilivuta upande wake, kikaachia, kikalia kilio kile chembamba cha mtoto wa siku ya kwanza, na basi zima likageuka.

"Mpeleke hospitali, bwana wee, huoni anakufa?" Duane alisimama, uso umempauka.

"Hospitali ni zaidi ya saa moja. Kule ni dakika ishirini."

"Kule wapi?"

Colman aligeuza gari, na kwa kuwa hata wakati huo alijali heshima yake kuliko roho ya yule bibi, Mungu amsamehe, alikishika tena kipaza sauti akaanza kuwadanganya kwamba kuna mila moja ndogo, mawe hurudishwa siku ya pili ili bahati ikolee, wala msiwe na wasiwasi. Na kadiri alivyosema ndivyo spika zilivyozidi kulia, kwanza ile ya mbele, kisha zote, na harufu ya maziwa ikachanganyika na harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi, vioo vikaingia ukungu kwa ndani, na kwenye ukungu huo, chini kabisa, mahali ambapo mtu mzima hafiki bila kulala sakafuni, vikaanza kutokea viganja vidogo kuliko jani la waridi, kimoja, kingine, vikija mbele kiti baada ya kiti kuelekea kwake, mpaka akaona kwenye kioo cha juu kichwa cha Bibi Verna kimeanguka kifuani, na hapo ulimi wake ukashindwa kubeba uongo mwingine.

"Nimewadanganya," akasema.

Kilio kikashuka.

"Pale ni makaburi ya watoto. Nilijua. Mnayo makaburi yao mikononi. Lile la Bibi Verna ni la dada yangu. Nilijua, nikawapeleka, mkanipigia makofi."

Nyuma mwanamke mmoja alianza kulia, akisema, "Yesu wangu, nimeliweka pamoja na viatu."

Mama yake, Attracta, alikaa nyumba inayotazamana na kishamba kile. Miaka yote alidhani wageni husimama pale kupiga picha tu; leo aliliona basi likirudi, akatoka na fimbo yake mvuani, na alikuwa getini wageni walipoanza kushuka, kila mmoja na jiwe lake, wakitembea kama watu wanaopokea komunyo. Duane alimbeba Bibi Verna mikononi, akamlaza chini kando ya ukuta. Attracta akalitazama lile jiwe, kisha akamtazama mwanawe.

"Nani kalitoa?"

"Mama, mimi ndiye nili..."

"Nyamaza."

Akapiga magoti kwenye majani, kwa shida, asikubali kushikwa mkono. Akasogeza mdomo kwenye shali.

"Mwacheni tu," akasema Bibi Verna akiwa amefumba macho. "Ana njaa."

"Najua, dada yangu. Hana njaa ya maziwa." Attracta akaweka kiganja juu ya jiwe. "Waliniambia hana haki ya jina. Nikampa kimoyomoyo, miaka hamsini na minane sijalitamka. Sabina. Njoo, Sabina. Njoo kwa mama."

Kitu kikameza, mara moja, kwa nguvu. Kisha Bibi Verna akashusha pumzi ndefu na mikono yake ikafunguka yenyewe. Attracta akalipokea jiwe, akalirudisha ukutani, akalikalisha vizuri kama mtu anayefunika mtoto shuka. Rangi ikaanza kurudi midomoni mwa yule mjane. Duane alivua kofia akageukia ukuta, na wengine wakainama kurudisha mawe yao.

Colman alilia. Alidhani yameisha.

"Wageni wangapi umewaleta hapa?" mama yake akauliza bila kugeuka.

Angeweza kusema ni hawa tu.

"Ni mwaka wa sita, Mama. Kila wiki, kiangazi chote."

"Na hili la kwetu halikuguswa mpaka jana."

"Nilikuwa nasimama mbele yake. Wasilione."

"Wa kwetu ulimkinga." Attracta akamgeukia, na Colman akatamani angempiga fimbo. "Wa wenzetu ukawagawa."

Colman akaangalia kishamba chote, kwa mara ya kwanza akakiona: mashimo madogo ya udongo mtupu kwenye majani, kila mahali, mpaka kwenye miiba. Mama wa watoto hawa walishakufa. Hapakuwa na mtu aliyejua majina yao.

"Wako wapi?"

Perth. Bremen. Boston. Hakuwa na hata orodha. Lakini lilibaki jingine, nalo lilimtoka kwa sauti ambayo mama yake alilazimika kuinama aisikie.

"Niliwaambia wakifika nyumbani waliweke jiwe chini ya mto anaolalia mjukuu aliye mdogo kuliko wote."